Mwalimu, Utarudi?

Siku ya kufunga shule mwishoni mwa muhula wa tatu, katika shule ya msingi iliyo mbali na barabara kuu, wazazi hawatazami ripoti za watoto tu. Hutazama pia godoro la mwalimu. Mwalimu akipanda bodaboda na begi lake la nguo, akaacha godoro limeviringishwa na kuning'inizwa kwenye boriti panya wasilifikie, watu hupumua. Bila shaka mwezi wa pili atarejea. Lakini godoro likionekana limefungwa kamba nyuma ya pikipiki, pamoja na sufuria, jiko na ndoo, hakuna haja ya kuuliza. Hata hivyo hakosekani mama mmoja wa makamo atakayemfuata na kuku mkononi na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, utarudi?" Naye hujibu, "Nitarudi, mama, Mungu akipenda." Mama hushukuru, humkabidhi kuku wake, na kurudi nyumbani akijua vema kwamba wameagana.

Swali hilo huulizwa kila mwaka huko Kaabong, Kotido na Amudat katika Karamoja. Huulizwa Kalangala, wilaya ya visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, ambako mwalimu hufika kazini kwa mtumbwi. Huulizwa Bundibugyo, nyuma ya milima ya Rwenzori. Jamaa za askari na polisi wanalijua swali hili kuliko watu wengi, kwa kuwa kambi na vituo vingi vya mpakani viko huko huko, na watoto wa askari huketi darasa moja na watoto wa wafugaji na wavuvi. Askari anapoambiwa kwamba amehamishwa kutoka Kampala kwenda mpakani, neno la kwanza la mkewe huwa ni nyumba, na la pili ni shule. Na anapouliza habari za shule huwa kwa hakika anauliza habari za walimu.

Uhaba huu una historia yake. Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianzisha Elimu ya Msingi kwa Wote, kwanza kwa watoto wanne wa kila jamaa, halafu kwa watoto wote. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi kupita milioni 5 mwaka uliofuata. Hakuna nchi iwezayo kufundisha walimu kwa kasi ya namna hiyo. Madarasa yalifanyika chini ya miembe, na walimu waliokuwapo waligawanywa kama posho ya wageni waliokuja bila taarifa. Mjini pengo lilizibwa upesi, maana mjini hakukosi mtu mwenye cheti anayetafuta kazi. Shambani halikuzibika. Mwalimu mmoja akiondoka katika shule ya mjini yenye walimu 25, darasa moja hutaabika kwa wiki chache. Akiondoka mmoja katika shule yenye walimu wanne, robo ya shule imeondoka naye, na watatu waliobaki huanza kuitazama barabara.

Kwa nini waondoke? Watu wa mjini hujibu upesi kwamba vijana wa siku hizi wanapenda anasa. Jibu hilo ni jepesi mno, na aghalabu hutolewa na mtu ambaye hajalala hata usiku mmoja katika nyumba ya mwalimu wa shambani. Na afikiriwe msichana wa miaka 23 aliyetoka chuo cha ualimu na cheti chake cha daraja la tatu. Anafika shuleni saa kumi jioni, na barua ya kuajiriwa mkononi. Mwalimu mkuu ampokea kwa furaha ya kweli, maana amengoja kwa mwaka mzima. Kisha amwonyesha chumba kilichokuwa ghala ya majembe. Dirisha halina ubao. Mlango upo, lakini komeo limeng'oka. Popo wako juu ya dari. Maji yako kwenye pampu mwendo wa nusu saa, na foleni ya madumu huanza kabla ya alfajiri. Choo ni kimoja, cha walimu wote, wake kwa waume. Usiku wa kwanza msichana huyo asukuma sanduku lake mbele ya mlango na kukesha akisikiliza nyayo za watu wapitao kutoka kilabu cha pombe. Hakuja kutafuta anasa. Komeo si anasa. Lakini ripoti ya wilaya, ikiwa itaandikwa, itasema kwamba mwalimu "aliacha kazi bila sababu."

Wengine hukodi chumba kwenye senta ya biashara, na kutembea kilometa saba au nane kila asubuhi. Mvua ikinyesha Karamoja, mito ya mchanga iliyokuwa mikavu jana hujaa kwa dakika chache, na mwalimu hukaa ng'ambo akitazama paa la shule yake. Huo nao huandikwa utoro. Wachunguzi waliozitembelea shule bila taarifa katika nchi sita, miaka ya 2002 na 2003, walikuta kwamba kati ya kila walimu 100 waliopaswa kuwapo katika shule za Uganda, 27 hawakuwapo. Nchi nyingine zilikuwa Bangladesh, Ekuado, India, Indonesia na Peru, na hakuna hata moja iliyoizidi Uganda kwa utoro. Hesabu hiyo ilipotangazwa iliwaudhi wengi, na kwa haki. Lakini kulikuwa na jambo la pili katika uchunguzi ule ambalo halikupigiwa kelele kama la kwanza: shule zenye majengo na huduma bora zilikuwa na utoro mdogo, hali tofauti za mishahara hazikuonekana kuleta badiliko kubwa, na walimu wakuu wenyewe, wanaolipwa zaidi, ndio waliokosekana zaidi. Kwa hiyo ukali wa mkaguzi una kazi yake, na fedha zina kazi yake, lakini komeo la mlango nalo lina kazi yake.

Fedha hata hivyo zisidharauliwe. Kuanzia mwaka 2010 serikali iliamua kuwaongezea watumishi wa umma walio katika maeneo magumu kufikika na magumu kukaa asilimia 30 ya mshahara wao wa msingi. Ulikuwa uamuzi mwema, na kuna walimu waliobaki Moroto na Kalangala kwa sababu yake. Mwaka 2022 mwalimu wa msingi wa daraja la tatu alikuwa akipokea shilingi zipatazo 500,000 kwa mwezi. Asilimia 30 yake ni kama 150,000. Sasa mama wa nyumbani na apige hesabu kama apigavyo hesabu ya soko. Chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia ni ghali zaidi kisiwani na mpakani kuliko mjini, kwa kuwa vimesafirishwa. Watoto wa mwalimu wanasoma kwa bibi yao, na huko kunatakiwa ada na matumizi. Mume yuko wilaya nyingine, basi kila nyumba ina jiko lake, na kila jiko lina kuni zake. Nauli ya kwenda kuwatazama hutoka humo humo. Mwishoni mwa hesabu nyongeza hiyo imekwisha kuliwa na umbali ule ule ambao ilikusudiwa kuufidia. Na ikitokea kwamba jina la mwalimu limekosewa herufi moja katika orodha ya mishahara, huenda miezi ikapita bila senti, naye yuko mahali ambapo kwenda kulalamika makao makuu ya wilaya ni safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

Mwaka 2022 huo huo walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4, na wenzao wa masomo ya sanaa, pamoja na walimu wa msingi, waliweka chaki chini na kugoma. Mgomo huo uliandikwa sana magazetini kama ugomvi wa fizikia na historia. Yule wa shule ya walimu wanne hakuwa na sehemu katika ugomvi huo. Alichojifunza ni kwamba njia ya kupata riziki ni kusoma tena, na kusoma tena ni kwenda mjini. Sera ya Kitaifa ya Walimu ya mwaka 2019 nayo iliweka shabaha kwamba kila mwalimu, hata wa msingi, awe na shahada. Ni shabaha nzuri kwa mtoto. Lakini bila nyumba na maji shambani, shahada hugeuka kuwa nauli ya kuondokea.

Juu ya hayo yote ulikuja ugonjwa wa Korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo walimu wengi, hasa wa shule za binafsi wasiokuwa na mshahara wa serikali, walijifunza kuuza nyanya, kuendesha bodaboda na kufyatua matofali. Baadhi yao waliona kwamba matofali hulipa, nao hawakurudi.

Hapa msomaji aliyevaa sare aweza kuuliza: je, askari hapelekwi mbali? Hupelekwa, tena mbali kuliko mwalimu. Mwezi Julai 2021 ilipoanzishwa operesheni ya kunyang'anya silaha huko Karamoja iliyoitwa Usalama kwa Wote, vikosi vililala hemani katika nyanda ambazo mwalimu wa mjini hajazisikia hata kwa jina. Lakini na afikiri jinsi anavyopelekwa. Hatumwi peke yake. Hutumwa na wenzake. Chakula chake hufuata nyuma yake. Akiugua kuna mganga wa kikosi. Yuko kamanda anayejua jina lake na idadi ya siku alizokaa, na zamu ikifika mwisho hubadilishwa na mwingine. Jeshi lolote linajua kwamba mtu aliyewekwa kituo cha mbali bila posho, bila habari na bila tarehe ya kubadilishwa, atachoka, na akichoka kituo kimepotea. Maarifa haya ni ya zamani kuliko bunduki. La ajabu ni kwamba mwalimu hupelekwa kituo hicho hicho kwa karatasi moja tu, wala hakuna awezaye kumwambia kama zamu yake ni ya miaka mitatu au thelathini. Mwenye kuambiwa miaka mitatu huweza kuivumilia. Asiyeambiwa lolote huanza kuondoka moyoni tangu siku ya kwanza.

Zamani uhamisho ulikuwa rahisi zaidi kwa sheria, ingawa haukupendwa. Tume moja ya nchi nzima iliajiri walimu, nayo iliweza kumtoa mtu Kabale na kumpeleka Moroto. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 zilikabidhi kazi hiyo kwa Tume za Utumishi za Wilaya. Faida yake ilikuwa dhahiri: wilaya ikiajiri mwanawe mwenyewe, hana haja ya kuhama, maana ana shamba, ana mama mzazi, na jioni akitoka shuleni ana ng'ombe wa kukamua. Mwalimu mwenye shamba la mtama karibu na shule hang'oki kirahisi. Hasara yake ilionekana baadaye. Wilaya yenye wasomi wengi ilijaza nafasi zake. Wilaya ambayo wasichana wachache tu humaliza darasa la nne la sekondari haikuwa na wa kumwajiri. Pasipo walimu hapatoki walimu, na mzunguko huo huzidi kubana kila mwaka.

Karamoja yajua mzunguko huo kwa uchungu. Husimuliwa kwamba wazee wa huko, katika enzi ya wakoloni, waliilaani kalamu na kuizika ardhini, kwa sababu kalamu ndiyo iliyoandika majina ya vijana wao waliopelekwa vitani, na wengi wa vijana hao hawakuonekana tena. Mwaka 1995 kukafanywa sherehe ya kuifukua. Jamaa za askari hawahitaji kuelezwa kwa nini watu waliiogopa orodha ya majina. Miaka mitatu baadaye, 1998, ilianza huko elimu ya namna nyingine, iliyopangwa kufuata saa za mifugo: watoto hufundishwa alfajiri kabla ya kupeleka ng'ombe malishoni, na tena jioni wakirejea. Wafundishaji walichaguliwa miongoni mwa wenyeji, watu wanaosema Kikaramojong na kuhama na wenzao wanapohama. Elimu yao wenyewe ilikuwa ndogo na malipo yao madogo zaidi, na walimu wenye vyeti waliwatazama kwa dharau kidogo. Hata hivyo walikuwa na sifa moja ambayo chuo hakiwezi kuifundisha: hawakuwa na kwingine wanakotamani kwenda. Kosa si kuwatumia watu hao. Kosa ni kuwaacha hapo walipo, bila kuwapa masomo ya likizo na njia ya kufikia cheti, hata wachoke kama wengine.

Upo mlango mwingine ulio wazi, nao uko ndani ya kambi zenyewe. Miongoni mwa wake wa askari na polisi wamo wanawake wenye cheti cha ualimu ambao leo wanauza mandazi na mkaa. Kisa chao aghalabu ni kimoja. Mke aliajiriwa na wilaya ya magharibi. Mume akahamishiwa kaskazini. Amri ya mume ilitoka kwa siku moja, lakini ajira ya mke ni mali ya wilaya, nayo haihami kwa amri. Yampasa kuachiliwa na wilaya ya kwanza na kupokewa na ya pili, na hiyo ya pili iwe na nafasi. Wengi hawakungoja. Walifunga mizigo wakamfuata mume, wakahesabiwa kuwa watoro, wakafutwa katika orodha ya mishahara. Na sasa wanaishi hatua mia tatu kutoka shule ambayo darasa la tatu na la nne huketi chumba kimoja kwa kukosa mwalimu. Mtu akiwaeleza watu hasara hii hucheka kwa mshangao, kisha hunyamaza.

Basi mwalimu aliyeolewa na mtu wa sare na aliweke faili lake kama vile mumewe anavyoiweka silaha. Ndani yake iwemo barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, cheti cha kusajiliwa kuwa mwalimu, cheti cha ndoa, na nakala mbili za kila kimoja, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni, maana mizigo ya uhamisho hunyeshewa. Siku mume apatapo fununu ya kuhamishwa, mke aandike barua kwa ofisa elimu wa wilaya yake, kupitia kwa mwalimu mkuu, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri. Asiache kufundisha kabla hajajibiwa. Jibu likichelewa, na litachelewa, aombe likizo kwa maandishi kuliko kutoweka. Wakuu wa vikosi nao wangeweza kusaidia kwa jambo dogo lisilogharimu kitu: kutoa barua kwa mke inayoeleza kwamba mumewe amehamishwa kwa amri ya kazi. Ofisa wa wilaya aliyeshika barua yenye mhuri wa kikosi huwa na la kujitetea nalo mbele ya tume yake.

Kwa upande wa wazazi wasiokuwa na sare, sheria ya elimu ya bure haiwaruhusu wakuu wa shule kuwatoza ada ya lazima, na hilo ni jema kwa maskini. Lakini haikumkataza mtu kurekebisha mlango. Kamati ya shule iliyo macho hufanya kazi yake mwezi wa kwanza, kabla walimu hawajafika: huziba dirisha, hununua komeo na kufuli, hukata nyasi, hufukuza popo, na kumgawia mwalimu kipande cha ardhi ya shule kilichokwisha limwa mara moja. Mahali pengine wanawake wa kijiji wamepanga zamu ya kumtekea mwalimu wa kike maji kwa wiki mbili za kwanza, hata apazoee. Wazee hukaa naye jioni na kumweleza nani ni nani, na njia ipi haipitiki usiku. Huko Karamoja serikali, kwa msaada wa Ireland, ilijenga nyumba za walimu katika baadhi ya shule za msingi, nyumba za matofali na bati. Lakini hata nyumba ya namna hiyo huhitaji jirani wa kubisha hodi.

Matangazo ya nafasi za ualimu hubandikwa katika ubao wa makao makuu ya wilaya, na mengine hutolewa magazetini. Muda wa kuomba ni mfupi. Mke wa askari mwenye cheti asimngojee mumewe amletee habari kutoka kazini. Na aende mwenyewe siku ya soko, akasome ubao, na wakati yuko huko aulize katika ofisi ya elimu ni shule ipi iliyo karibu na kambi inayokosa mwalimu, na tangu lini.